Picha Zisizo na Watu

9 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima, yaani mimi na mafua yangu, maana mwingine wa kumhesabu humu chumbani simwoni. Nimehamia ghorofa ya nne. Dirisha linatazama jengo la jirani, na huko kuna mtu ameanika soksi moja tangu mwezi uliopita. Naanza kumwonea huruma mwenye mguu. Habari za mama? Na goti lake je? Wanafunzi wako wa udereva bado wanakanyaga breki kama wanaua nge? Juzi nilipopiga simu nilitaka kukuuliza mengi, lakini mama alishaiweka kwenye spika, na nyumbani kwetu ukishawekwa kwenye spika unageuka taarifa ya habari. Ndiyo maana nakuandikia, kwa anwani ya chuo chenu cha udereva kama kawaida.

Sasa jambo lenyewe. Nimesikia mnamwandalia mama sherehe ya kutimiza miaka sabini. Dada, sitaweza kuja. Usikunje uso. Kazini tunatoa programu mpya ya simu wakati huohuo, na mimi ndiye ninayepanga skrini zake: kitufe kikae wapi, mtu akibonyeza aone nini, bibi wa watu asipotee njiani. Programu yenyewe ni ya picha za sherehe. Kila mgeni anapiga kwa simu yake, picha zote zinaingia kwenye albamu moja, na walioalikwa wote wanaziona. Sharti ni moja tu, na nimelitunga mimi: huwezi kuona za wenzako mpaka uweke yako angalau moja. Mkuu wangu wa kazi alisita, nikamwambia kwetu tunasema mkono mtupu haulambwi. Akacheka, akakubali.

Unakumbuka enzi za kamera ya mjomba? Filamu moja kwa sherehe nzima, na nusu yake alishaimaliza kwa kujaribu kama kamera ni nzima. Tunapangwa kibarazani, warefu nyuma, baba anasema tusipepese macho, na wewe unanifinya ili nitoke nimenuna. Halafu ile kungoja. Mjomba akirudi na bahasha kutoka studio, sherehe inaanza upya: kila mtu ananawa mikono, anaifuta vizuri, picha zinazunguka kutoka kwa mkubwa mpaka kwangu mimi wa mwisho, na kila moja ina kesi yake. Nani kafumba macho, nani kavaa gauni la nani. Mimi nilizipenda siku hizo kuliko sherehe zenyewe. Nikisema ukweli, ndicho ninachokitafuta kwenye programu hii, ingawa kazini siwezi kusema hivyo, nasema maneno mengine yenye mahesabu.

Nakuomba mniruhusu niijaribu kwenye sherehe ya mama. Nimekuandikia maelekezo kwenye karatasi ya pili. Ni rahisi, hata mjomba ataweza.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yanatibiwa kwa kuoa. Hayo ni maneno ya mama, mimi nimeyapitisha tu. Goti lake ni lilelile, asubuhi linakubali, jioni linagoma, na zile ngazi za kutoka getini siku hizi anazishuka kwa sababu maalumu tu. Wanafunzi wangu hawajambo, ni gari ndilo linaloumwa. Jana mmoja aliniuliza kioo cha nyuma ni cha nini ikiwa yeye anakwenda mbele. Nilimkaripia kwa kukosa jibu.

Programu yako tutaitumia. Nimeiweka kwenye simu yangu, nimebonyeza kila kitu, haikulipuka. Mjomba anataka kujua kama sharti lako linamhusu na yeye au ni la watoto. Nimemwambia ni la watu wote.

Lakini nakuuliza tena: huwezi kabisa kuja? Sherehe itakuwa kubwa kuliko unavyodhani. Shangazi anakuja, na unajua yeye akiona begi tu anapata kizunguzungu. Jirani yetu fundi viatu amesema siku hiyo anafunga duka, yeye ambaye hakulifunga hata siku ya harusi yake. Hata wale walimu wawili waliopanga chumba cha uani tukiwa wadogo, nao wanakuja. Mama amekuulizia mara nyingi, sitakutajia ni ngapi usije ukadhani nakusingizia. Anasema, "Mwambie aje tu, zawadi asibebe." Watoto wa watu wanazaliwa bila mkunga, seuze programu. Itatoka bila wewe.

Nijibu upesi, na unijibu la kufurahisha.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo, na nisamehe. Barua yako ilinikuta nimezama kazini mpaka shingoni, na jibu lake ulilijua. Niliwasikia kwenye simu siku ya sherehe, mama anacheka, mjomba anaimba nje ya sauti kama alivyoumbwa. Nilifurahi, kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni muda mrefu. Mafua yameisha.

Sasa nikushitakie. Watu wako wamenipiga chenga mbaya! Nimefungua albamu nikitegemea nyuso. Za mama zipo, zile ulizopiga wewe, umemkaribia kwa namna kwamba kidevu kimo na nywele hazimo. Lakini zilizobaki? Mjomba kaweka swichi ya bafuni. Swichi, dada! Shangazi kaweka ile ndoano ya darini ukumbini. Fundi viatu kapiga ukuta mfupi wa getini, hakuna hata paka juu yake. Wale walimu wameweka bomba la uani, mmoja kalipiga kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto. Kuna kitasa cha mlango wa jikoni. Kuna sakafu ya ukumbini pale ilipopasuka. Picha baada ya picha, na hakuna mtu ndani.

Nimeelewa mara moja. Ni sharti langu. Wamebonyeza chochote kilichokuwa karibu ili mlango ufunguke wakaone za wenzao. Tulipokutana kazini, mkuu wangu aliitoa ile swichi kwenye skrini kubwa ukutani, akaniuliza, "Hii ndiyo sherehe ya kwenu?" Wakacheka wote. Nikacheka nao, lakini iliniuma. Ile swichi baba aliifunga nje ya bafuni, tena juu chini, na wewe ukawa unanizimia taa nikiwa na sabuni machoni, halafu unauliza kwa upole nani anapiga kelele. Huwa naitolea mfano hapa kazini kama mpangilio mbovu wa kwanza niliowahi kuuona. Sikujua itanifuata mpaka huku.

Basi tumeamua. Nitatengeneza kichujio: picha isiyo na uso wa mtu, programu itaikataa palepale. Albamu yenu, kwa kuwa ilikuwa ya majaribio, inafutwa mwishoni mwa Juni. Za mama nitawawekea kwanza. Hizo swichi na mabomba zitakwenda.

Mwambie mjomba tumeachana kwa amani.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Sote wazima, mama anakusalimu. Leo sina barua ndefu, mwanafunzi yuko garini na ameshawasha injini bila ruhusa.

Usizifute hizo picha. Hata ile ya sakafu. Na usiniulize kwenye simu.

Dada yako


14 Juni

Dada,

Shikamoo. Umeniweka roho juu, kwa hiyo salamu zangu leo ni fupi: mimi mzima, natumaini na nyinyi.

Baada ya barua yako nilikaa na zile picha nikizitazama moja moja, nikazikuza mpaka zikaanza kufifia. Mara ya kwanza nilizitazama kama fundi anayetafuta kosa lake. Safari hii nilitazama kilichomo. Pembeni ya swichi ya mjomba kuna msumari, na kwenye msumari huo kilikuwa kikining'inia kioo cha baba cha kunyolea ndevu. Kioo hakipo. Kwenye picha ya kitasa, mlango umefunguka kidogo, na huko nyuma jikoni sioni rafu, naona boksi limefungwa kamba. Halafu hiyo sakafu. Ukingoni mwa picha kuna mahali pekundu kabisa, pekundu kama siku saruji ilipomwagwa, pamekatika sawasawa kama mlango. Ndipo lilipokaa kabati la vyombo tangu kabla sijazaliwa. Nilikuwa najificha nyuma yake, na mama alikuwa anazunguka nyumba nzima akiuliza kwa sauti kubwa, "Jamani, mwanangu kaenda wapi?" na miguu yangu anaiona.

Nikarudi kwenye picha za mama, zile nilizokucheka. Sasa naona kwa nini ulimsogelea vile. Ulikuwa unazikwepa kuta.

Dada, kabati liko wapi? Mnapaka rangi? Niambie mnapaka rangi.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Kwetu salama, na mama hajambo. Barua yako nimetembea nayo kwenye mkoba mpaka pembe zimelika. Mara tatu nimekaa kuijibu garini, mara tatu nimeirudisha. Leo nimeegesha chini ya kivuli cha ofisi na nimeuzima mlio wa simu. Soma ukiwa umekaa.

Hatupaki rangi. Nyumba imeuzwa.

Mwaka jana mama alianguka kwenye zile ngazi za getini. Hukuambiwa. Hakuvunjika, lakini alilala pale chini akiita, na mimi nilikuwa barabarani namfundisha mtu kurudi kinyumenyume. Fundi viatu ndiye aliyemsikia. Tangu siku ile mama alibadilika. Hakuwa na woga, alikuwa na hesabu zake. Siku moja tunachambua nguo akaniambia, "Nyumba ni ya kumtunza mtu. Mtu akianza kuitunza nyumba, yamegeuka." Akaamua mwenyewe, akamtafuta mnunuzi mwenyewe, mtu na mkewe wenye watoto wadogo. Sasa yuko kwangu, chumba cha chini, hana ngazi hata moja. Kabati limekwenda kwa shangazi. Mwisho wa Agosti tunakabidhi funguo.

Ile sherehe ilikuwa ya miaka sabini kweli, lakini ilikuwa ya kuiaga nyumba pia, na kila aliyekuja alijua. Sasa nikwambie kuhusu picha zako. Baada ya chakula nilisimama nikawasomea maelekezo yako: kila mmoja aweke picha moja kwanza. Niliwaza watapiga keki. Mjomba akainuka, akaenda zake bafuni. Tukacheka, tukajua ana haja. Akarudi na ile picha, macho mekundu, akasema, "Hii aliifunga shemeji yangu mimi nikimshikia ngazi, na nilimwambia anakosea." Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Shangazi alisimama chini ya ndoano, maana ndipo baba alipomtundikia mwanawe wa kwanza bembea. Fundi viatu alitoka mpaka getini na kile kigugumizi chake akasema hapo ndipo alipomngojea marehemu baba kila Jumamosi. Wale walimu walikaribia kugombana kuhusu nani aliharibu bomba. Walizunguka nyumba yote hivyo, kimyakimya, kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka. Hakuna aliyekupiga chenga. Sharti lako walilitii kuliko ulivyolitunga.

Utauliza kwa nini hukuambiwa. Uliwahi kusema kwenye spika, mama anasikia, kwamba siku nyumba ya baba ikiuzwa na wewe uhesabiwe umeuzwa. Labda umesahau. Yeye hakusahau. Akasema, "Basi asiambiwe kwa simu wala kwa karatasi. Akija ataambiwa, amekaa, nimemshika mkono." Tukakungoja uje. Tulikualika wewe, mdogo wangu, ukatuma programu.

Na kwa kuwa nimeshaanza, nimalize. Sharti hilo limembana kila mtu isipokuwa wewe. Umeingia kwa mlango wa mafundi, umeziona picha zetu zote, umezikuza, umezichunguza, na yako hujaweka hata moja. Mama hajui umenenepa au umekonda. Watu wanamwuliza mwanao yukoje, anawajibu, "Sauti yake nzuri."

Sikuandikii haya kwa kukuomba msamaha. Nimechoka tu kuwa peke yangu ninayejua.

Dada yako


3 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nilikasirika. Nilikuandikia barua mbili, zote nimezichana, na nashukuru huku hakuna sanduku la posta karibu. Ya kwanza ilisema mmeniuza. Ya pili ilisema uliyoyasema ni uongo, na nilipofika kwenye neno "uongo" kalamu haikutaka kuendelea. Asiyekuwepo na lake halipo, nalijua, nimekulia kwenye lugha hii. Sikujua tu kwamba ninayeambiwa ni mimi.

Nililia, dada. Tena ofisini, mchana kweupe, nikasingizia mafua.

Kichujio nimekataa kukitengeneza. Usidhani nimeshinda. Mwenzangu amepewa, ni kazi ya siku chache, na itakapotoka, programu yetu itazikataa picha za aina ile na kumwomba mtu kwa adabu aelekeze simu kwenye uso. Nilijaribu kumweleza mkuu wangu habari ya swichi na mjomba. Alinisikiliza vizuri, akasema ni kisa kizuri sana, akageukia kompyuta. Zenu nimezitoa zote kabla ya kufutwa, ninazo.

Kisha nikajiuliza, kama ningekuwepo siku ile ningepiga wapi. Nimekaa na swali hilo jioni nyingi na bado sina picha. Nikiwaza bafuni nakusikia wewe nje ya mlango unacheka. Nikiwaza ukumbini namwona mama anapiga pasi, anaimba wimbo ambao ameukosea maneno miaka yote. Nikiwaza getini baba anarudi, amelegeza mkanda wa saa. Sipati kona hata moja iliyo tupu. Nyumba nimeililia kwa sababu nyumba hainiulizi kwa nini sikuja.

Mama kaanguka, kaita, na mimi nilikuwa napanga kitufe kikae kulia au kushoto. Hilo ndilo linaloniamsha.

Nimeomba likizo, nimekata tiketi. Nafika tarehe ishirini na nane. Najua siku hizo bado mtakuwa na funguo, na najua utasema twende nikaione kwa mara ya mwisho. Sitaki, dada. Ikiwa imeshahamwa, waachie wenyewe waanze vizuri. Nipokee stendi unipeleke kwako moja kwa moja. Nitalala sebuleni, sakafuni, popote. Mwambie mama nakuja, na umwambie nimekonda kidogo, asishtuke.

Safari hii situmi kitu. Nakuja mwenyewe.

Mdogo wako


19 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Hatujambo hata kidogo, nyumba nzima imepinduka tangu barua yako ifike. Natumaini hii itakukuta kabla hujaondoka.

Nilimsomea mama yote, hata pale pa kulia, nisamehe. Alikaa ameshika goti lake muda, nikadhani limemuuma. Halafu akaniuliza shuka za wageni ziko kwenye boksi gani, zile nyeupe za kutarizi ambazo mimi na wewe hatukuwahi kuzilalia hata siku tuliyougua. Nikamwambia, mama, huyu ni mwanao, atalala kwenye shuka lolote, hata kwenye gunia.

Akaniuliza, "Ameondoka lini?"

Nikamwambia ni mwaka wa saba huu.

"Basi ni mgeni. Lete shuka."

Amezifua mwenyewe, dada mtu nimesimama pembeni nakatazwa kugusa beseni. Ameziosha povu likaisha, akarudia tena. Alipomaliza kuzianika akakaa chini akicheka peke yake, machozi yanamtoka, akasema siku mbili za kwanza atakuhudumia kama anavyohudumiwa mgeni, maji ya moto, kiti kizuri, nyama kubwa. Siku ya tatu atakupa ufagio na beseni la vyombo, utafanya kazi kama mtoto wa hapa, na hapo ndipo atakugombeza kwa miaka yote hii.

Mimi nitakuwa stendi mapema na gari la mafunzo, lile lenye breki mbili. Ila kuna jambo hukuniandikia, na mama ananiuliza kila asubuhi: tiketi yako ni ya siku ngapi? Tafadhali, zisiwe mbili.

Dada yako